Pesa ya Rumande na Pesa ya Kliniki

Askari wa doria akimkuta kijana na kete moja ya unga wa heroini mfukoni, iwe Manzese, Kisauni au Ng'ambo ya Unguja, mlolongo wa gharama unaanza hapohapo. Gari linahitaji mafuta. Askari wawili wanaacha doria kwenda kuandika maelezo. Mahabusu, kijana anaanza arosto kabla usiku haujaisha: miayo, kamasi, jasho la baridi, kutapika, kuharisha, na wenzake waliobanana naye sakafuni hawalali. Kukicha kete inatafutiwa mkemia, jalada linatafutiwa mwendesha mashtaka, kesi inatafutiwa hakimu. Inaahirishwa. Inaahirishwa tena. Gerezani analishwa na kulindwa kwa miezi, na siku anapotoka anaikuta maskani ya watumiaji wenzake palepale alipoiacha.

Mlolongo huo hakuna anayeuita mradi, wala hakuna anayedai tathmini yake. Lakini ukitajwa mpango wa kumpeleka mraibu kwenye matibabu badala ya mahakamani, maswali ya gharama na matokeo huja kwa wingi. Ni maswali halali, na nataka kuyajibu. Ninachoomba ni kwamba mlolongo ule nao upimwe kwa mizani ileile.

Kwanza nieleze ninachokitetea. Oktoba 2011 jiji la Seattle, Marekani, lilianzisha katika mtaa wa Belltown mpango uitwao LEAD. Askari aliyemkamata mtu kwa kosa dogo la dawa za kulevya au ukahaba aliruhusiwa kumkabidhi kwa mhudumu wa jamii badala ya kumfungulia kesi. Mhudumu huyo hakumshurutisha aache dawa siku hiyohiyo. Alimtafutia pa kulala, kitambulisho na miadi ya kliniki, kisha akaendelea kumfuatilia mtaani hata alipoteleza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walipowalinganisha walioingia kwenye mpango na waliopitishwa njia ya kawaida, walikuta uwezekano wa walioingia kukamatwa tena ni pungufu kwa asilimia 58.

Huku kwetu nusu ya mpango wa namna hiyo tumeshaijenga. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini mwilini), ya kwanza ya serikali katika nchi za bara kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, na baadaye mikoa mingine kama Mbeya na Mwanza. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliofuata Malindi. Maelfu ya watu wamekunywa dozi zao kwenye madirisha ya kliniki hizo. Kinachokosekana ni kiungo kati ya kituo cha polisi na dirisha la methadoni, pamoja na fungu la bajeti yetu wenyewe la kukiendesha. Hayo mawili ndiyo ninayoyadai. Sasa hoja za wanaopinga.

"Hawa ni wahalifu. Kuwapeleka hospitali badala ya mahakamani ni kuwadekeza."

Anayesema hivi mara nyingi ameibiwa. Ameamka akakuta bomba la maji limekatwa, simu haipo, kuku hawapo, au mwanawe mwenyewe ameuza televisheni ya sebuleni. Sitamwambia asamehe. Aliyevunja nyumba au kumjeruhi mtu ana kesi ya kujibu, na hakuna mpango makini wa aina hii unaoifuta. Tunaongelea kete, sindano, uzururaji, na makosa madogo yanayozaliwa na arosto.

Na hapo ndipo panapotakiwa kutazamwa kwa makini, kwa sababu wizi huo una utaratibu wake. Nguvu ya heroini mwilini huisha ndani ya saa chache. Mraibu aliyezoea huhitaji dozi tatu, nne kwa siku, kila siku, Jumapili na Idi. Kila dozi inataka fedha taslimu, na asipoipata anaumwa kwelikweli, ugonjwa wenye homa na tumbo. Kwa hiyo anaamka akiwa na saa chache za kutafuta pesa kabla mwili haujamgeuka. Methadoni hukaa mwilini siku nzima na zaidi. Mtu anakunywa kikombe kimoja asubuhi mbele ya nesi, na ile mbio ya kutafuta pesa mara nne kwa siku inakosa sababu. Mwenye bomba lililokatwa ananufaika na kikombe hicho kuliko anavyonufaika na kesi iliyoahirishwa, ambayo hata siku moja haikumrudishia bomba lake.

Kuhusu kudekezwa: kliniki ya methadoni inamtaka mtu afike kila siku, ajipange foleni, anywe mbele ya mtumishi, azungumze na mshauri nasaha. Akikosa siku kadhaa mfululizo, anaanzishiwa upya kwa dozi ndogo. Wapo wanaopanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi ili wanywe dawa wanayoimaliza kwa funda chache. Rumande haimdai mraibu chochote kati ya hayo. Inamdai akae tu.

Niongeze jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Wanawake ni wachache mno kwenye kliniki zetu wakilinganishwa na wanaume, na si kwa sababu hawatumii. Wengi wanajificha kwa aibu, au wana watoto wasio na pa kuwaacha, au wanaishi chini ya mwanamume anayewapa unga na kuchukua kipato chao. Polisi huwafikia, hasa kwenye misako ya ukahaba, kabla daktari hajawafikia. Mlango wa kituo cha polisi ukigeuzwa kuwa mlango wa matibabu, wao ndio watakaoonekana kwa mara ya kwanza.

"Methadoni nayo ni dawa ya kulevya. Mnawabadilishia tu."

Ni kweli kwamba methadoni iko ukoo mmoja na heroini, na anayeificha habari hii anawaharibia wenzake wanaoitetea. Mwili unaizoea, na ukiikata ghafla unaumwa. Lakini mtu aliye kwenye dozi sahihi halewi. Hapandi wala hashuki. Anaweza kuendesha mkokoteni wa maji, kusuka nywele, kurudi darasani, kukaa mezani na watoto wake bila kusinzia. Hatumii sindano. Anajua kilichomo kikombeni, wakati anayetumia kete hajui unga umechanganywa na nini. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005, orodha ileile yenye dawa za malaria na kifua kikuu.

Takwimu za vifo ziko wazi. Uchambuzi uliounganisha tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la BMJ, ulionyesha kuwa miongoni mwa waraibu walio nje ya matibabu ya methadoni hufa takribani watu 36 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Walio ndani ya matibabu hufa 11. Asemaye "mnawabadilishia tu" anazungumzia tofauti hiyo, na watu 25 katika kila 1,000 ni watoto wa watu.

Kisha kuna virusi vya Ukimwi. Kenya ilipopima miaka ya mwanzo ya 2010, maambukizi miongoni mwa wanaojidunga yalikuwa zaidi ya asilimia 18, wakati kwa watu wazima wote yalikuwa kati ya asilimia 5 na 6. Makadirio ya Tanzania kwa wanaojidunga yalifika zaidi ya theluthi moja. Dar es Salaam watafiti walieleza tangu katikati ya miaka ya 2000 namna wanawake waliokosa pesa ya kete walivyokuwa wakigawana damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, wakiamini ina unga wa kutosha kuzuia arosto. Sijui habari inayoumiza kuliko hiyo katika suala hili lote. Hakuna aliyefika hapo kwa kupenda starehe. Kikombe cha methadoni kinamwondoa mtu kwenye sindano leo, hata kama safari ya kuacha kabisa itachukua miaka.

Walio kwenye nyumba za soba, hasa Zanzibar ambako harakati hizo zilishika mizizi tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, wana njia yao ya kuacha kila kitu na kusaidiana, na wamewaokoa wengi. Siwapingi hata kidogo. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi za soba hulipiwa na familia, kwa hiyo anayekamatwa Tandika akiwa hana ndugu wa kumlipia hana soba ya kwenda. Fungu la bajeti lingeweza kumlipia. Mgonjwa achaguliwe njia kwa hali yake. Na wapo wanaokunywa methadoni huku wakichanganya na pombe, bangi au vidonge vya usingizi. Hilo lipo, na dawa yake ni washauri nasaha wa kutosha, ambao nao wanataka mshahara.

"Wanarudia tu. Fedha inatupwa baharini."

Wengi hurudia, naam. Taasisi ya taifa ya utafiti wa dawa za kulevya ya Marekani inakadiria kuwa kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa uraibu huteleza, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa pumu na shinikizo la damu wanaoacha masharti ya tiba wakazidiwa. Mgonjwa wa presha akizidiwa tunamrekebishia dawa. Hatujawahi kusema wodi ya presha ifungwe.

"Jela ndiyo inayoachisha. Miezi sita bila unga, mtu anatoka safi."

Hoja hii inaua, na nasema hivyo kwa uzito wa neno lenyewe. Mraibu aliyekaa gerezani bila unga mwili wake unapoteza ule uzoefu wa kuhimili dozi kubwa. Tamaa haipotei. Siku anapotoka, anarudia kiwango kilekile alichokiacha, na kiwango hicho sasa kinamzimisha pumzi. Utafiti wa jimbo la Washington uliochapishwa mwaka 2007, uliowafuatilia wafungwa walioachiwa, ulikuta kuwa katika wiki mbili za kwanza hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wananchi wa kawaida. Mara mia moja ishirini na tisa. Familia inayompokea mwanawe getini kwa shangwe huwa haijaambiwa hayo na mtu yeyote.

Kenya imelitambua hilo kwa vitendo: eneo la gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, limewekewa huduma ya methadoni. Ni hatua ya maana kwa aliyekwisha kufungwa. Kwa aliyekamatwa na kete moja, hakukuwa na haja ya kumpitisha gerezani ndipo apewe kikombe.

"Kamateni watumiaji wote, wauzaji watakosa soko."

Soko la heroini halianzii Magomeni. Unga unatoka Afghanistan, unapita pwani ya Makran ya Iran na Pakistan, unapakiwa kwenye majahazi na kuvuka Bahari ya Hindi kuja kwetu. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi moja nje ya pwani ya Kenya likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Jahazi moja! Ukizijaza seli zote za Dar es Salaam na Mombasa kwa watu wenye kete, hujagusa hata gunia moja la mzigo ule.

Tazameni pia jinsi vigogo walivyonaswa. Ndugu wa familia ya Akasha wa Mombasa walikamatwa Novemba 2014 baada ya uchunguzi mrefu uliowahusisha wapelelezi wa Marekani, wakapelekwa New York Januari 2017, na Agosti 2019 Baktash Akasha akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Kazi hiyo ilifanywa na wapelelezi waliopewa muda, mawasiliano na uvumilivu. Askari anayeshinda akiandika maelezo ya kete moja moja hana muda wa kazi hiyo, na anayetaka wauzaji wakubwa wanaswe ana kila sababu ya kutaka askari huyo apunguziwe mzigo.

Pwani ya Kenya ina kumbukumbu nyingine. Desemba 2010, kufuatia msako mkali, unga uliadimika ghafla Mombasa, Malindi na miji jirani. Kama hoja ya kukausha soko ingekuwa sahihi, huo ndio ungekuwa wakati wa watu kuacha. Wakati huo methadoni haikuwapo. Waraibu walijikuta na arosto kwa makundi, familia zikahaha, vituo vichache vya tiba vikazidiwa, na wengine wakahamia kwenye vidonge na mchanganyiko mwingine wa hatari. Baadaye unga ulirudi, nao wakarudi. Msako ule ulifungua dirisha ambalo kliniki iliyo tayari ingelitumia kuwapokea mamia ya watu. Hakukuwa na kliniki ya kuwapokea.

"Oregon walijaribu, wakajuta wenyewe."

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na wanaoitumia huku kwetu wanastahili jibu refu. Novemba 2020 wapiga kura wa jimbo la Oregon, Marekani, walipitisha kwa asilimia 58 hatua iliyofuta adhabu ya jinai kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha dawa kwa matumizi yake. Ilianza Februari 2021. Askari aliandika tiketi ya dola 100, na faini ilifutwa kama mtu angepiga simu ya kufanyiwa tathmini ya afya. Kodi ya bangi, ambayo ni halali kule, ingelipia matibabu. Miaka mitatu baadaye bunge la jimbo liligeuza uamuzi, gavana Tina Kotek akasaini, na kuanzia Septemba 1, 2024, kukutwa na dawa hizo kukawa kosa la jinai tena.

Nini kilikwenda mrama? Waliondoa mlango wa polisi kabla mlango wa kliniki haujajengwa. Sheria ilianza Februari 2021, lakini sehemu kubwa ya fedha haikuwafikia watoa huduma mpaka mwaka 2022, na wakaguzi wa jimbo wenyewe waliandika kasoro hizo. Tiketi ilikuwa karatasi yenye namba ya simu. Waliopiga walikuwa wachache mno. Mtu aliye na arosto, amelala barabarani, simu hana, anakabidhiwa karatasi na kuachwa, ungetegemea nini? Wakati huohuo fentanili, yenye nguvu kuliko heroini mara nyingi, ilikuwa inaingia pwani ya magharibi ya Marekani, na vifo vikapanda huko hata kwenye majimbo ambayo hayakubadili sheria yoyote.

Wanaoitaja Oregon huishia kwenye kufutwa, hawaendelei na yaliyofuata. Sheria ya 2024 haikurudisha mambo yalivyokuwa mwanzo. Ilitenga fedha kwa kaunti ili zianzishe mipango ambayo askari anamkabidhi mtu kwa mhudumu, na akitimiza masharti hafunguliwi kesi. Kwa maneno mengine, baada ya kuumia, Oregon ilisogea kuelekea kilekile ninachokitetea: mkono wa askari unakutana na mkono wa mhudumu, na fedha ya matibabu inakuwapo siku hiyo. Mimi siombi sheria zetu za dawa za kulevya zifutwe. Naomba askari apewe pa kumpeleka mtu.

Ureno nayo hutajwa, kwa kusifiwa au kwa kubezwa. Tangu Julai 2001 mtu anayekutwa huko na dawa isiyozidi mahitaji yake ya siku kumi haendi mahakamani. Anafika mbele ya kamati ndogo yenye watu wa sheria, afya na ustawi wa jamii. Lakini kamati hizo zilikuja pamoja na kliniki, methadoni, na taasisi moja ya kitaifa yenye bajeti yake. Maambukizi mapya ya Ukimwi miongoni mwa wanaojidunga yalishuka kwa zaidi ya asilimia 90 katika miongo iliyofuata. Mwaka 2012, wakati wa mdororo wa uchumi, taasisi ile ilivunjwa na huduma zikagawanywa mikoani, na miaka ya karibuni malalamiko ya matumizi ya wazi mitaani yamerudi katika miji kama Porto. Ureno na Oregon zinashuhudia jambo moja kutoka pande mbili. Mahali penye fedha na watumishi, mpango ulifanya kazi. Fedha zilipochelewa au kukatwa, mitaa ilionyesha.

"Polisi wetu wataugeuza kuwa mradi wa rushwa."

Wanaonikabili kwa hoja hii wanaijua nchi yao, na wala siwezi kuwaambia hofu yao haina msingi. Ukimpa askari uamuzi wa kumpeleka mtu mahakamani au kliniki, umempa kitu anachoweza kukiuza.

Ila uamuzi huo anao tayari. Leo hii kete moja mkononi mwa askari asiye mwaminifu ni bidhaa. Mraibu anatoa alichonacho, asiponacho anapigiwa simu mama yake, na mama anauza khanga au anakopa kwenye kikoba ili jina la mwanawe lisiingie kitabuni. Kinachoipa bidhaa hiyo thamani ni woga wa gereza. Kadiri kifungo kinavyokuwa kirefu, ndivyo bei inavyopanda. Ikijulikana mtaa mzima kwamba anayekutwa na kete anapelekwa kwa mhudumu bure, saa yoyote, bei ya kuachiwa inashuka, kwa sababu hakuna anayenunua kinachotolewa bila malipo.

Hilo halitokei lenyewe. Masharti ya nani anafaa yaandikwe na kubandikwa ukutani kituoni, kwa Kiswahili kinachosomeka. Kila uamuzi uingizwe kwenye kitabu cha matukio, wa kupeleka na wa kutopeleka. Mhudumu atoke nje ya jeshi la polisi, kwenye asasi zinazoujua mtaa. Malindi na Mombasa zipo zilizofanya kazi hii kwa miaka mingi kabla serikali haijaikubali methadoni, na Dar es Salaam waelimishaji rika ndio waliowatoa waraibu wa kwanza maskani na kuwafikisha Muhimbili. Ofisi ya mashtaka ipitie orodha kila mwezi. Kenya ina pa kuanzia, maana ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma tayari ina sera ya kuwaelekeza baadhi ya watuhumiwa nje ya mahakama, na sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ina sehemu inayohusu vituo vya kurekebisha waraibu.

Na kuna kosa moja ambalo likifanyika litaharibu kila kitu: kumlipa au kumpandisha cheo askari kwa idadi ya watu anaowapeleka kliniki. Siku hiyo vijana wasio na kosa watabambikiwa kete ili hesabu itimie. Fedha ya mpango iende kwa mhudumu, kliniki na nauli ya mgonjwa. Askari abaki na mshahara wake na saa zake zilizookolewa.

"Watoto wanakaa chini darasani. Mateja ndio wa kupewa pesa?"

Nimeeleza mwanzoni kwamba pesa tayari tunatoa. Marekani, ambako hesabu zimefanywa, taasisi ile ya utafiti wa dawa za kulevya iliwahi kukadiria kuwa mwaka mmoja wa methadoni uligharimu takribani dola 4,700 kwa mgonjwa, na mwaka mmoja wa kifungo dola 24,000. Kila dola iliyowekwa kwenye tiba hurudisha kati ya dola 4 na 7 kwa kupunguza gharama za uhalifu peke yake. Viwango vyetu ni vingine, mishahara yetu ni mingine, lakini huku nako mfungwa analindwa saa 24 na mgonjwa wa methadoni anahudumiwa kwa dakika chache kisha anakwenda zake kazini. Kila anayeepushwa sindano yenye virusi ni dozi za maisha za kufubaza virusi ambazo hazitanunuliwa. Dawati la mtoto linapiganiwa kwa haki, na fedha yake ipo kwenye gharama hizo tunazoziacha zipite bila kuulizwa.

"Wafadhili wanalipia. Serikali iingie ya nini?"

Kliniki ya Muhimbili ilianza kwa msaada wa mfuko wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya huduma za wanaojidunga Afrika Mashariki imeegemea fedha za nje. Januari 20, 2025, rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Mradi wa barabara ukisimama siku 90, kifusi kinasubiri. Mtu aliye kwenye methadoni akikosa dozi mbili, mwili wake unamrudisha maskani. Hakuna nchi inayopaswa kuwaweka wagonjwa wake kwenye hali ambayo saini ya kiongozi wa nchi nyingine inaweza kuwarejesha kwenye sindano ndani ya wiki.

Vinavyotakiwa havitishi vikivunjwavunjwa: mhudumu wa zamu ya usiku anayefikika kwa simu katika kila kituo kikubwa cha polisi cha miji iliyoathirika, dirisha la methadoni kwenye hospitali za wilaya ili mgonjwa asilazimike kuvuka jiji zima, nauli kwa miezi ya mwanzo wakati mtu hajapata kazi, mshauri nasaha wa kike na pa kuacha mtoto, na akiba ya dawa ya miezi kadhaa iliyonunuliwa kwa fedha yetu. Bajeti za halmashauri na za kaunti hujadiliwa kila mwaka, na diwani au mwakilishi wa wadi yenye maskani anaweza kudai mistari hiyo mitano iandikwe kwa majina yake, kila mmoja na kiasi chake, kabla kikao hakijafungwa.